Teke la Ndege

Upepo wa injini ya ndege ulimvunja shangazi mkono, na msimamizi wa uwanja akaamini kosa lilikuwa lake. Halikuwa lake. Lilikuwa la Chiriku, msichana wa miaka kumi na mmoja, na Chiriku alikuwa amenyamaza.

Asubuhi ile nyumbani ilianza kama nyingine. Shangazi, msafishaji wa ndege, alifunga kilemba huku mswaki ukiwa mdomoni. Baba, mpakia mizigo, alihangaika kutafuta soksi ambazo tayari alikuwa amezivaa. Tofauti ilikuwa moja tu: siku hiyo wafanyakazi waliruhusiwa kwenda kazini na watoto wao.

Uwanjani watoto walivalishwa vizibao vya kung'aa, wakapangwa kwenye mstari wa kijani uliochorwa chini. Baba aliwaonyesha ndege iliyoegeshwa.

"Mnaona ile taa nyekundu tumboni? Ikimwekamweka, injini inafanya kazi au iko karibu kuwashwa. Hapo hatupiti nyuma. Ndege ni kama punda, ukimpita nyuma anakupiga teke."

"Sasa mguu wake uko wapi, baba?" Chiriku aliuliza. Wenzake wakaangua kicheko.

"Utauona ukiwa hewani," baba alimjibu, akaenda kupakia mizigo.

Dereva wa trekta la mizigo akaita kutoka upande wa pili, "Haya, wa kwanza kufika anakaa mbele na mimi!"

Watoto wakatimua mbio kwenye mstari, ambao ulizunguka mbali. Chiriku aliitazama ndege. Taa ilimwekamweka, lakini magurudumu hayakuzunguka. "Si imesimama tu," alijiambia, akakata njia nyuma ya ndege.

Ndege ni nzito. Ili ianze kusogea, rubani huongeza nguvu ya injini, na upepo hufika nyuma kabla gurudumu halijazunguka. Chiriku hakujua hilo. Shangazi, aliyekuwa akipita karibu na ndoo yake ya usafi, alijua. Alitupa ndoo, akamrukia mtoto, wakaanguka pamoja, yeye juu. Upepo wa moto ukawapitia ukinuka mafuta. Ndoo iliruka kama karatasi. Mkono wa shangazi ukagonga nguzo.

Ndege ilipoondoka, shangazi alisema kwa meno yaliyoumana, "Rudi kwa wenzako. Kimbia!"

Chiriku alikimbia, mguu mmoja peku. Dereva alikuwa amewapa mgongo, anawapandisha watoto. Msimamizi alipofika, alimkuta shangazi peke yake.

Katika chumba cha huduma ya kwanza mlango ulibaki wazi kidogo. Chiriku alisimama nje na baba yake, akasikia kila neno.

"Miaka yote hii, dada, leo unapita nyuma ya injini?"

"Nimekosea, bosi."

"Basi lete kibali chako. Huingii tena uwanjani."

Bila kibali hakuna kazi. Chiriku akautazama mguu wake uliokuwa peku, kisha akasukuma mlango.

"Si yeye. Ni mimi. Nilikata njia, shangazi akaja kuniokoa."

Msimamizi alimkagua toka juu hadi chini. "Kiatu kiko wapi?"

"Kimepigwa teke."

Shangazi alicheka kwanza, kisha akalia "Ai!" kwa maumivu. Baba alijishika kichwa, akakaa kwenye benchi, akamvuta binti yake kifuani na kumkumbatia.

Msimamizi alimrudishia shangazi kibali chake. "Dada, usinidanganye hata kwa huruma. Nitamwadhibu asiye na kosa, na hatari itabaki palepale. Na wewe mwanangu, ndege iliyosimama si ndege iliyolala. Fuata mstari hata kama njia ya mkato iko wazi. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako." Akamgeukia dereva aliyekuwa mlangoni. "Mashindano yako yameisha leo."

Hakuna aliyekufa. Kazi haikupotea. Gharama yake ilikuwa hii: mkono mmoja wa shangazi kwenye plasta, ndoo moja iliyopasuka, kiatu kimoja kisichoonekana mpaka leo, na vyombo vyote vya jioni, ambavyo Chiriku aliviosha peke yake mpaka plasta ilipotolewa.