Shavu Alilolianika Daktari wa Sura

"Jamani, hili ni shavu au ukuta uliobanduka rangi?"

Watazamaji mia tatu wakamwaga vikatuni vya kucheka, na Daktari wa Sura akaisogeza picha karibu na kamera. Udaktari wenyewe alijipachika. Kazi yake ni kuuza vipodozi kwenye kibanda chenye kioo kimoja na feni inayokohoa. Kila asubuhi aliingia laivu kujibu wateja. Swali la leo lilitoka namba ngeni: losheni ya jua inatangulia au inafuata? Chini yake picha ya shavu tupu, bila jicho wala mdomo, limeungua na kujaa chembe nyeupe zilizoviringana kama takataka za kifutio.

"Huyu kaanza na losheni ya jua, akaifunika kwa seramu, juu yake akakandika mafuta, yote kwa pumzi moja. Ndugu yangu, unapaka uso, hupigi plasta."

Kisha akaeleza: nawa, seramu, mafuta, subiri kidogo yatulie, losheni ya jua iwe ya mwisho, ukishinda juani, uirudie kila baada ya saa mbili. Maelezo yalichukua nusu dakika. Kicheko kilichukua dakika sita.

Alipozima tu, ujumbe ukaingia kutoka namba ileile.

"Asante kwa somo. Hii ni laini yangu mpya. Jumamosi tunapiga picha za harusi, nilitaka nisikutie aibu."

Akakaa chini bila kuangalia kama kiti kipo. Mchumba wake, fundi wa mapaa. Shavu analolibusu mwaka wa pili huu, na hakulijua! Chupa zote tatu alimpa yeye mwenyewe, akaona uvivu hata kumwambia ipi ianze.

Akapiga. Mara ya nne ndipo ikapokelewa.

"Ulikuwa unaangalia?"

"Tulikuwa tunaangalia. Kikosi kizima, saa ya chai. Mmoja kacheka mpaka kapaliwa."

"Na wewe?"

"Nami nikacheka. Ningefanyaje? Uso nimeuzungushia kitambaa, nimesingizia vumbi."

Daktari akaivuta kamera karibu.

"Narudi laivu sasa hivi niombe radhi. Nitasema ni wewe..."

"Usinianike mara ya pili. Na hiyo Jumamosi niachie kwanza, nifikirie."

Simu ikakatwa.

Alifunga kibanda wateja wakiwa mlangoni, akaenda hadi kwenye jengo analoliezeka mchumba wake. Fundi alikuwa juu ya kenchi, mbao zinazobeba paa, kampa mgongo, anapigilia bati kana kwamba lilimtukana yeye. Wenzake wa chini walimwona mgeni wakachangamka.

"Shemeji Daktari! Yule wa shavu kapona?"

Wakacheka tena. Juu, nyundo ikanyamaza. Aibu ikampanda Daktari kutoka kwenye vidole vya miguu hadi masikioni, akatamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ilikuwa imeshamwagiwa zege.

"Bado," akasema. "Mtu aliniuliza kwa adabu, nikamfanya kichekesho. Nilisahau kwamba shavu lina mwenyewe. Namtafuta nimwombe radhi."

"Sasa namba ngeni utampatia wapi?"

"Sijui hata kama anataka kupatikana."

Kicheko kikawafia mdomoni. Kisha sauti ikashuka kutoka juu:

"Mwambieni shemeji yenu, mtu huyo anaendelea vizuri. Na Jumamosi iko palepale."

"We umemjulia wapi?"

Fundi akageuka, akafungua kitambaa taratibu. Wekundu, magamba, vyote hadharani.

"Shavu lenyewe hili. Mwenye kicheko kilichobaki akimalizie leo," akasema, huku akimtazama Daktari peke yake. "Jumamosi nataka watu watulie kwenye picha. Na wewe, panda huku uniangalie vizuri, safari hii unijue."