Mfungaji wa Upande Mmoja

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstari, sisi wanafunzi wa shule ya Ukata tulikuwa na kazi zetu. Wasichana tulifagia madarasa na kumwagilia bustani, wavulana walipalilia kahawa ya shule. Aliyemaliza mapema alikimbilia uwanjani kumwona kaka yangu Hyasinti akitupa mpira wa kikapu. Yeye alikuwa darasa la saba na mimi, Hedwiga, darasa la tano. Nakiri kwamba siku nyingine nilifagia nusu tu ya darasa ili nisimkose.

Mchezo huo uliletwa na Mwalimu Mhando, mwenyeji wa Tanga. Alihamishiwa kwetu mwaka ule kaya zilipokusanywa pamoja kuwa kijiji cha ujamaa, na mpira wa shule alikuja nao yeye mwenyewe sandukuni. Tatizo lilikuwa uwanja. Ukata ni milima inayofuatana, na mahali tambarare ni pa kutafuta kwa tochi. Tulichimba kwa majembe majuma mawili, tukapata uwanja mwembamba ubavuni mwa mlima, wenye goli moja tu. Goli lenyewe lilikuwa pete ya chuma ya pipa kuukuu, na chini yake tulining'iniza kipande cha wavu wa samaki ambacho mwalimu alipewa na wavuvi wa Mbamba Bay.

Ukilitazama goli, kushoto kwako kulikuwa na ukingo wa mlima, na kulia kulikuwa na mteremko. Ukitupa ukiwa upande wa kulia, mpira uliokosa uligonga ukingo na kukurudia. Lakini ukitupa ukiwa kushoto, ukikosa, mpira ulivuka uwanja wote, ukaingia bondeni, ukarukaruka kutoka shimo hadi shimo la ngolo za maharage, yale mashimo tunayolimia sisi Wamatengo, hadi kijitoni. Na sheria ya Mwalimu Mhando ilikuwa moja: aliyekosa ndiye anayeufuata.

Sasa nimsifu kaka yangu, maana anastahili. Alikunja magoti kidogo, akauinua mpira juu ya paji la uso, akauachia bila haraka, na kiganja chake kikabaki hewani kimelegea kama cha mtu anayemwaga mbegu. Katika mitupo ishirini alifunga kumi na saba, na alifunga kutoka mbali ambako wengine hata goli hawakulifikia. Watu waliotoka shamba la ujamaa waliweka majembe chini kumtazama. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa hapendi mtu yeyote asimame wakati wa kazi, naye alisimama. Moyo wangu ulijaa kila nilipomwona, na niliwakumbusha wenzangu mara kwa mara, hata pasipo haja, kwamba yule ni kaka yangu wa tumbo moja.

Mwezi wa sita tulikwenda kijiji cha Mapera kucheza mechi ya kirafiki. Mwalimu Mhando alikuwa amelala na malaria, hivyo Hyasinti, aliyekuwa kapteni, aliongoza timu. Uwanja wa Mapera ulikuwa mpana, tambarare, wenye magoli mawili. Kipindi cha kwanza kaka alifunga mara nane, na watu wa Mapera wenyewe wakampigia makofi.

Mlinzi wao mmoja, kijana mrefu aitwaye Sixtus, hakupiga makofi. Alikuwa anatazama. Kipindi cha pili alikwenda kusimama upande wa kulia wa goli lao, akang'ang'ania pale pale, na upande wa kushoto akauacha wazi kabisa. Tarsisi, mchezaji wetu mdogo kuliko wote, ambaye kazi yake ilikuwa kuupeleka mpira mbele, aliona nafasi hiyo. Alimpa Hyasinti mpira kushoto mara nne, na mara zote nne hakukuwa na mtu karibu naye. Kila mara kaka aliushika, akalitazama goli, akaurudisha kwa mwenzake. Tulifungwa pointi ishirini na nne kwa ishirini na mbili.

Jumatatu mama alinituma kumpelekea mwalimu uji. Nilimkuta amekaa barazani amejifunika shuka, na Hyasinti amesimama mbele yake.

"Haya, kapteni," alisema mwalimu. "Tulishindwa wapi?"

"Tarsisi hakunipa mpira, mwalimu," kaka alijibu akitazama chini. "Kipindi cha pili chote alijichezea mwenyewe."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi Saba Saba hatacheza. Mtu wa kujichezea simpeleki Mbinga."

Mechi ya Saba Saba, sikukuu ya tarehe saba mwezi wa saba, haikuwa ya kawaida. Siku hiyo Afisa Utamaduni wa wilaya alikuwa achague vijana wanane wa kwenda Songea kuiwakilisha Mbinga kwenye mashindano ya mkoa. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kufika Songea. Tarsisi alipoambiwa, alijibu tu, "Sawa, mwalimu," akachukua jembe lake na kwenda kwenye kahawa. Mimi nilikuwa nimeona mechi yote, nilikuwa nimesimama pale na bakuli la uji mkononi, na sikusema neno. Niliona haya mpaka nikashindwa kula mchana.

Jioni tulikuwa wawili uani, tukichambua kahawa iliyoanikwa, mbovu huku na nzuri huku. Sikuweza kuvumilia zaidi.

"Kaka, mbona umemsingizia Tarsisi?"

"Wewe unajua nini juu ya kikapu?"

"Kikapu sijui. Najua kuhesabu hadi nne. Alikupa mpira mara nne."

Nilifikiri atanifukuza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Alinipa upande ule."

"Sasa? Si ungetupa."

"Na nikikosa?"

"Utaufuata mpira."

"Ndiyo hivyo. Nani anataka kuteremka hadi kijitoni?"

"Kaka," nilimwambia, "Mapera hakuna bonde."

Mkono wake ulisimama juu ya kahawa. Nadhani hakuwa amewahi kuliwaza jambo hilo. Tangu uwanja wetu uchimbwe alikuwa hajatupa kutoka kushoto hata mara kumi, na kwa kuwa hakutupa, hakujifunza, na kwa kuwa hakujifunza, aliogopa. Hofu ya bonde la Ukata alikuwa amekwenda nayo hadi Mapera.

"Wote wananiita mwenye shabaha," alisema. "Wakijua, watanicheka."

"Sixtus anajua tayari. Asiyejua ni mwalimu. Naye Tarsisi ameondolewa kwenye timu kwa kosa ambalo si lake."

Asubuhi yake alikwenda kwa mwalimu kabla hata ya kunywa uji, na akaniomba nimsindikize. Njiani alisimama mara mbili. Mara ya pili nilimshika shati nikamvuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Hyasinti alisema yote, mara nne zile, upande wa kushoto na uongo wake. Mwalimu Mhando alijikuna kidevu.

"Mimi nilifikiri unapenda kufunga," alisema hatimaye. "Kumbe unaogopa kukosa. Ni vitu viwili tofauti, mwanangu. Ukiangalia kwa nje vinafanana, hata mimi nimedanganyika."

"Nisamehe, mwalimu."

"Mimi nami nina kosa. Nilimhukumu Tarsisi bila kumwita. Kumrudisha kwenye timu ni kazi yangu, nitafanya leo. Kumwomba radhi ni kazi yako, na hiyo sikusaidii."

Tulimkuta Tarsisi kwenye kahawa ya shule. Kaka alimwomba radhi mbele ya wenzake wote waliokuwa wakipalilia. Tarsisi aliegemea mpini wa jembe.

"Nilijua utasema," alijibu. "Sikujua lini tu. Haya, shika jembe, tumebakiza mistari miwili."

Kuanzia siku hiyo, Mwalimu Mhando alimpa Hyasinti amri moja: kutupa kutoka kushoto tu. Siku ya kwanza alitupa mara ishirini akakosa kumi na saba. Mara kumi na saba aliteremka bondeni, na mara kumi na saba akapanda akihema. Wanafunzi waliokuja kumshangilia walikuja sasa kumcheka, na mdogo mmoja akamuuliza kama amekuwa mchunga mbuzi. Mama Luisa, mwenye maharage yale, alipanda juu na mpira kwapani.

"Huu mpira wenu utanivunia maharage, au unajua kuyakanyaga tu?"

"Nisamehe, mama. Jumamosi nitakuja kukusaidia kung'oa."

"Njoo na huyo anayecheka," alisema Mama Luisa, na kweli yule mdogo naye alikwenda kung'oa maharage siku nzima.

Juma la pili alikosa kumi na mbili kwa ishirini. Juma la tatu, tisa. Miguu yake ilikuwa na mikwaruzo mpaka magotini, na alilala usingizi mzito mara tu baada ya kula. Nilimpenda zaidi majuma yale kuliko wakati ule alipokuwa hakosi. Tarsisi alibaki naye kila jioni kumpa mpira, ingawa hakuna aliyemwamuru.

Saba Saba ilipofika, lori la ushirika lilitupeleka Mbinga, sisi tukiimba juu ya magunia. Mjini kulikuwa na bendera, ngoma na hotuba, na baada ya hotuba tukacheza. Wapinzani wetu walikuwa Mapera. Sixtus hakupoteza wakati, alikwenda moja kwa moja kusimama upande wa kulia.

Tarsisi akampa kaka mpira kushoto. Hyasinti akatupa, akakosa. Miguu yake ilikuwa imezoea, ikaanza kukimbia kuufuata mpira kuelekea nje ya uwanja, wakati Mapera walikuwa wamekwisha kuuokota na kuondoka nao. Mji mzima ulicheka. Akatupa tena, akakosa. Akatupa mara ya tatu, mpira ukagonga pete ukatoka. Sixtus alikuwa anatabasamu. Kaka alimtazama Mwalimu Mhando, na mwalimu alikuwa amekunja mikono tu. Mimi nilifumba macho.

Tarsisi akamrudishia mpira pale pale, kwa mara ya nne. Nilisikia wavu kabla sijafumbua macho.

Mara ya tano alifunga tena. Ya sita alikosa, ya saba akafunga. Sixtus alilazimika kuuacha upande wa kulia kwenda kumzuia kushoto, na kule kulia kaka yangu alikuwa hamwogopi mtu. Sixtus alikimbia huku na huku mpaka akashika kiuno. Mapera nao si watu wa kuonewa, walipigana hadi filimbi ya mwisho, lakini tulishinda pointi thelathini kwa ishirini na sita.

Afisa Utamaduni alikuja na daftari lake. "Mwalimu, huyu mfungaji wako. Niambie ubora wake na udhaifu wake."

"Muulize mwenyewe," alisema Mwalimu Mhando. "Anajijua kuliko ninavyomjua."

Hyasinti alisogea mbele. "Shikamoo, mzee. Upande wa kulia nafunga sana, hata kwa mbali. Kushoto bado nakosa karibu nusu. Kurudi kuzuia nachelewa. Na nilipokosa ujasiri Mapera, nilimsingizia mwenzangu huyu, Tarsisi. Bila yeye leo nisingefunga."

Nilifikiri basi, Songea imekwenda.

Afisa aliandika kwa muda mrefu, kisha akafunga daftari. "Leo nimewauliza vijana kumi swali hilo," alisema, "na kumi wote wameniambia hawana udhaifu. Sasa hao nikawafundishe nini Songea? Wewe utakwenda. Na huyo aliyekupa mpira mara ya nne baada ya kukosa mara tatu, naye atakwenda."

Mwalimu Mhando alituita tukakaa chini kumzunguka. "Wanangu," alisema, "leo mtasifu shabaha ya Hyasinti, na mna haki, ni kipaji kikubwa. Lakini kipaji kilimfikisha nusu ya uwanja tu. Nusu nyingine aliipata siku aliyokiri kosa lake, akakubali kuchekwa na kuteremka bondeni mara kumi na saba. Kila mmoja wenu ana upande wake anaoukimbia, uwe wa hesabu, uwe wa kusema kweli. Usimtupie mwenzako lawama ya upande huo. Nenda ukaufanyie kazi."

Kisha akamgeukia Tarsisi mbele yetu sote, yeye mtu mzima na mwalimu, akamwomba radhi.