Matone Chini ya Pikapu

Poda, jamani! Poda ya mtoto, ile nyeupe ya kopo, ikanyunyizwa kwenye injini ya gari mpaka injini yote ikanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa! Mimi nasoma chuo mwaka wa pili sasa, na jambo kama hilo sijawahi kulisikia. Lakini ngojeni. Nikianza na poda nitawachanganya. Nianze na ufagio.

Jina langu ni Zipporah, na kwetu ni Dabaso. Nasomea ualimu, nimerudi nyumbani likizo. Baba ni seremala. Mama anafanya kazi hotelini Bofa, huja mwisho wa wiki. Nyumbani tuko pia na Hawe, ndivyo sisi tunavyomwita bibi, na mdogo wangu Kadzo, mwenye miaka kumi na miwili na mdomo wa watu watatu.

Kadzo ana kazi mbili. Ya kwanza ni kufagia uwanja kila asubuhi. Uwanja wetu ni mchanga, na Hawe anautaka uwe na mistari ya ufagio tu, bila hata unyayo wa kuku. Macho yake yameingia ukungu, haoni vizuri, lakini akisikia ufagio umenyamaza huuliza kutoka barazani, "Kadzo! Umefika mpaka chini ya gari?"

"Nimefika, Hawe!"

Gari lenyewe ni pikapu ya Baba. Imenizidi umri kwa miaka saba. Hapo ndipo inapokuja kazi ya pili: kila Jumamosi Kadzo hupima oili. Baba alimfundisha mwenyewe. Unachomoa kijiti cha kupimia, unakipangusa, unakirudisha, unakichomoa tena, ndipo unasoma. Kadzo anajivunia kazi hiyo kuliko alama zake zote za shule.

Basi Jumatatu tulikuwa njiani, mimi, Baba na Kadzo, tunapeleka viti Watamu, mara taa nyekundu ya oili ikawaka. Baba akazima injini papo hapo kando ya barabara.

"Mbona huendi polepole tu?" nikauliza.

"Injini ikikosa oili vyuma vinasagana," Baba akasema. "Kwenda polepole ni kuiua polepole."

Akachomoa kijiti. Kikavu kabisa! Na wiki mbili tu zilizopita Kadzo alikuwa ameongeza oili. Baba akamimina ile ya akiba aliyobeba kwenye galoni, tukajikokota mpaka Gede, kwa fundi Stambuli.

Sasa lazima niwaambie kwa nini roho zilikuwa mkononi. Alhamisi ya wiki hiyo Hawe alikuwa na miadi hospitalini Malindi, kupasuliwa mtoto wa jicho. Tumeingoja tarehe hiyo miezi mitano. Na Hawe ana nyonga mbovu. Matatu hapandi, tuktuk humtikisa mpaka machozi yamtoke. Husafiri kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya mwanawe, mto mgongoni, basi. Pikapu ikiharibika, Hawe hapasuliwi jicho.

"Shikamoo, Fundi," tukasema mimi na Kadzo.

"Marahaba wanangu. Haya, mgonjwa ana nini?"

Fundi Stambuli ni mtu mzima wa Malindi, mrefu, kofia yake ya kufuma haijawahi kuguswa na grisi, sijui anafanyaje. Akawasha injini, akaenda nyuma kutazama moshi.

"Moshi si wa buluu. Basi oili haichomwi ndani. Inavuja." Akalala chini na tochi. "Lahaula! Bwana Katana, huku chini kumelowa kote, kutoka mbele mpaka nyuma. Nyumbani ikilala inadondosha wapi?"

"Haidondoshi," Baba akasema. "Naangalia kila asubuhi. Mchanga safi."

"Haichomwi, haidondoki. Basi inanywewa na paka?"

Mimi nikacheka. Kadzo, ambaye hucheka hata kabla mzaha haujaisha, hakucheka.

Fundi akatoka chini ya gari akijipangusa. "Gari likienda, upepo hupuliza oili nyuma, kila mahali panalowa. Kwa hivyo siwezi kusema imeanzia wapi. Kama imelowa hivi na ikilala haidondoshi, nashuku sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili ulio kati ya injini na giaboksi, huvuja injini ikizunguka tu. Kuifikia lazima niteremshe giaboksi yote. Niachieni. Labda Jumamosi."

"Jumamosi?" Baba akakaa juu ya tairi kuukuu. "Mama yangu anapasuliwa jicho Alhamisi."

Fundi alikuwa tayari ameshika spana. Kadzo akanivuta kanga.

"Dada Zippo."

"Nini?"

"Asifungue huko."

"Wewe unajua nini?"

Akaanza kulia, ile ya kulia bila sauti. Nikamwambia asiniambie mimi, amwambie Fundi. Akasogea mpaka mbele ya Fundi, akisugua mchanga kwa kidole cha mguu.

"Inadondosha," akasema. "Mbele. Upande wa jikoni, karibu na gurudumu hili. Kila asubuhi. Mimi hufagia."

Baba akasimama. "Unafagia oili?"

Ikatoka yote. Wiki mbili nyuma, alipoongeza oili, kifuniko cha juu pale inapomiminwa kilimponyoka. Ile ringi ya mpira iliyo ndani yake ikaruka mchangani, na kabla hajainama, kuku wa Hawe akaidokoa na kukimbia nayo nyuma ya choo. Kuku! Kadzo akamkimbiza mpaka akachoka. Ringi haikupatikana. Akafunga kifuniko hivyo hivyo, akanyamaza. Asubuhi ya pili akaona matone mchangani, akajua ni yeye aliyeharibu gari. Akayafagia. Kesho yake akayafagia tena. Na Jumamosi zilizofuata, aliogopa hata kugusa kijiti. Baba alipouliza, akasema, "Iko sawa."

"Uliniambia iko sawa," Baba akasema, polepole.

"Naam, Baba. Nilidanganya. Nisamehe."

Nilidhani Baba atafoka. Badala yake akajishika kichwa. "Na mimi naamka saa moja, ameshafagia, natazama mistari ya ufagio najisifu gari langu kavu!"

Fundi Stambuli alikuwa ameshaweka spana chini. "Mbele, upande wa jikoni. Una hakika?"

"Nina hakika. Matone matatu au manne. Mahali pamoja."

"Basi giaboksi tuiache ipumzike."

Sasa ndiyo poda! Fundi akasugua injini kwa brashi na mafuta ya taa, akaipangusa, akaiacha ikauke juani. Akamtuma mtu dukani. Kopo likaja, akanyunyiza poda upande wote wa mbele mpaka chuma kikawa cheupe. Akawasha injini ikanguruma robo saa. Sisi sote vichwa chini ya boneti.

"Usitazame chini," Fundi akamwambia Kadzo. "Oili huteremka. Tazama juu, utafute mahali poda inapolowa kwanza."

Kadzo ndiye aliyeona. "Ile pale!"

Mstari mwembamba mweusi ulikuwa ukishuka katikati ya weupe. Lakini haukutoka kwenye kifuniko kilichokosa ringi! Pale palikuwa na rasharasha kidogo tu. Mstari ulianzia kwenye kona ya mfuniko mkubwa wa juu ya injini. Fundi akaufungua, akatoa gasketi, ule utepe wa mpira unaoziba chini yake. Ulikuwa umekauka. Akaukunja, ukakatika ta! kama biskuti.

"Huu umezeeka," akasema. "Umepikwa na joto miaka mingi. Hii si kazi ya kuku, wala si kazi yako, mwanangu."

Kadzo akatoa macho. "Si mimi?"

"Ringi ni wewe na kuku wako. Ringi mimi ninazo kopo zima, ningekupa moja ukaenda zako. Lakini sikiliza. Gari bovu halinisumbui, ndiyo kazi yangu. Matone yale ndiyo yaliyokuwa yakituonyesha palipoharibika, na wewe ukayafuta kila asubuhi. Injini ilibaki kidogo ife, na bibi yako angekosa jicho, kwa sababu ya kuficha kosa ambalo hata halikuwa kubwa. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo."

"Nimesikia, Fundi."

"Haya, njoo unishikie hizi bolti. Na ukikaza, usikaze kwa hasira, utapasua gasketi mpya."

Jumanne jioni pikapu ikarudi nyumbani. Fundi alitupa masharti: tulaze katoni chini yake, tuitazame kila asubuhi. Jumatano katoni ilikuwa kavu. Leo, Alhamisi, Hawe ameshavaa leso mpya, mto uko tayari kitini, Kadzo akachungulia chini ya gari, akabaki hapohapo.

Tone moja. Dogo kama punje ya mtama.

Nilimwona akitazama ufagio. Kisha akapaza sauti uwanja mzima ukasikia. "Baba! Kuna tone!"

Baba akampigia Fundi simu. Fundi akauliza limeangukia wapi. Kadzo akamjibu mwenyewe: nyuma, chini ya giaboksi, mbali na pale pa zamani. Fundi akasema hayo huenda ni mabaki yaliyoganda huko siku nyingi, yapanguswe, injini iwashwe kidogo, tungoje nusu saa. Nusu saa hiyo, jamani! Hawe kitini anahesabu vidole, Baba anazunguka gari. Katoni ikabaki kavu. Kijiti kikasoma mahali pake. Tukaondoka.

Naandika haya kwenye benchi la hospitali, Malindi. Hawe ametoka chumba cha upasuaji, jicho moja limefungwa bandeji, na tayari anataka chai. Baba amemweleza kisa chote.

"Kadzo," Hawe akasema, akimtafuta kwa mkono.

"Labeka, Hawe."

"Nilikuwa nakuuliza kama umefagia mpaka chini ya gari. Kuanzia sasa, uchungulie kwanza. Ukiona kitu, uniite nikione na mimi."

"Kwa jicho lipi, Hawe?"

"La kesho."

Kwa maana bandeji inafunguliwa kesho saa tatu. Leo tunalala nyumbani, kesho tunamleta tena hapa na pikapu ileile, na Kadzo ameapa hatafagia uwanja mpaka Hawe autazame. Atakachosema Hawe akiona nyayo za kuku wote wale, nitawaambia kesho.