Kiti cha Maboksi

Kila asubuhi mama mmoja fundi cherehani alivuta mashine yake hadi dirishani, akavaa tepu ya kupimia shingoni, akaanza kazi. Tepu ile haikutoka shingoni mpaka jioni. Majirani walimtania kwamba hata akioga anaoga nayo. Kila mtu alimwita Fundi.

Fundi aliishi na binti yake na mama yake mzazi. Mama huyo, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa mcheshi kupita kiasi. Lakini siku hizi hakutoka chumbani. Magoti yalikuwa yamechoka. Makochi ya sebuleni yalikuwa ya chini, na akishakaa, ilibidi watu wawili wamshike makwapani wamwinue. Siku moja aliinuliwa hivyo mbele ya wateja. Tangu siku hiyo alikula peke yake, ukingoni mwa kitanda.

"Mama, njoo tule pamoja," Fundi alimwambia kila mchana.

"Kuleni tu, mwanangu. Mimi si gunia la kubebwabebwa."

Fundi alirudi mezani, akala huku akitazama mlango wa chumba.

Binti yake alisoma chuo cha ufundi. Alikuwa mwembamba, kwa hiyo nyumbani walimwita Sindano. Siku moja Sindano alikuja na wenzake watatu, kila mmoja na mzigo wa maboksi kichwani.

"Mama, mwalimu ametupa kazi ya kikundi," alisema. "Tutengeneze samani kwa vitu vilivyotupwa. Kisha tuandike tulichojifunza. Sisi tutamtengenezea Bibi kiti."

"Kwa maboksi ya sabuni?" Fundi alishangaa. "Mama yangu akalie takataka?"

Hata hivyo aliwaachia baraza. Walikata, wakakunja, wakagundisha kwa siku tano. Kiti kilipokamilika kilipendeza kweli. Fundi alikishonea foronya ya vipande vya vitambaa. Aliona kiti kinabonyea kidogo upande mmoja. Akakaza kitambaa hadi kasoro ikafichika, akaona amewasaidia vijana.

Bibi aliitwa. Alikuja polepole, akakaa. Kiti kikalia "fyuu", kikashuka taratibu mpaka magoti ya Bibi yakakaribia kidevu.

"Mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake, "umenitegea mtego wa panya?"

Wote walicheka, na Bibi alicheka nao. Lakini walipomshika makwapani kumwinua, hakucheka tena. Alirudi chumbani, akafunga mlango.

Sindano alikaa chini akalia. "Boksi ni boksi tu. Nitamwambia mwalimu tumeshindwa."

Jirani yao alikuwa seremala, mama mtu mzima mwenye karakana ya milango. Kwa sababu ya kazi yake aliitwa Mama Randa. Alisikia kilio, akaja mbio.

"Hodi! Nani amekufa hapa?"

"Kiti, shangazi," alijibu Sindano.

Mama Randa alikipasua kile kiti kwa kisu, akachungulia ndani. Kisha akachukua kipande cha boksi.

"Tazameni hapa ukingoni. Mnaona hivi vimirija vidogo, vimepangana?"

Waliinama wakatazama. Walikuwa wameshika maboksi siku tano, na hawakuwahi kuviona.

"Hizo ndizo nguzo zake. Ninyi mmezilaza. Nguzo iliyolala hubeba nini?"

Alikata vipande vinne virefu. Akavichana hadi katikati, akavipachika vikakatizana, kama vyumba vinavyogawa chupa ndani ya kreti. Vimirija vyote vikasimama wima. Akaokota matofali mawili pembeni mwa baraza, akaweka moja juu. Akaweka la pili. Kisha Mama Randa, mwenye mwili wa kutosha, akatua matofali chini akapanda yeye mwenyewe.

Hakuna kilichobonyea.

Fundi alishika mdomo. Kitu ambacho yeye hukipiga teke njiani kilikuwa kimembeba mtu mzima! Aligusa kile kipande kwa kidole, akakigusa tena. Kilikuwa boksi lile lile la sabuni.

"Chagueni makavu na masafi," Mama Randa alisema. "Lililoloa limeshakufa. Lililobeba dawa za wadudu msilete kabisa nyumbani. Na kabla mtu hajakalia, kiti kikaliwe na mifuko ya mchanga, mchana kutwa."

"Tumeelewa, shangazi."

"Bado. Mlimpima nani?"

"Tulipimana sisi kwa sisi," Sindano alijibu kwa sauti ndogo.

Fundi alihisi tepu ikimwelemea shingoni. Miaka yote hii hakuwahi kukata gauni la mtu bila kumpima. Tena kasoro aliiona kwa macho yake, akaifunika kwa foronya.

"Mimi ndiye wa kulaumiwa," alisema. Akaenda kugonga mlango wa Bibi.

"Mama, nimekuja kukupima."

"Unanishonea sanda?"

"Ninakushonea kiti. Inuka nikupime."

Fundi alipiga magoti sakafuni. Alimpima mama yake kutoka kisiginoni hadi nyuma ya goti. Mama Randa akiwa mlangoni alisema, "Ongeza vidole vitatu. Mwenye magoti mabovu hukaa juu kidogo. Na mikono ya kiti iwe imara, maana ndiyo atakayoisukuma akiinuka."

Safari hii vijana walitengeneza kiti kipya polepole. Kiti kilikaliwa na mifuko ya mchanga mchana kutwa, wakapima tena kimo chake. Hakikupungua hata unywele.

Siku ya pili Bibi alikaa. Kiti kilinyamaza. Kisha akaweka viganja juu ya mikono ya kiti, akasukuma. Fundi na Sindano walinyoosha mikono kumdaka.

Bibi alikuwa ameshasimama.

Mikono yao ilibaki hewani, haina kazi. Bibi alijitazama miguu, kama si yake. Akakaa tena, akasimama tena. Mara ya tatu akaanza kucheka, na Fundi machozi yakamtoka waziwazi.

"Mke mwenzangu," Bibi alisema, "lile daftari la mwalimu liko wapi?"

Sindano alilileta. Palikuwa na swali moja: Mmejifunza nini? Alikuwa ameandika habari za vimirija, za maboksi makavu na za mifuko ya mchanga.

"Ongeza," Bibi alisema. "Andika kwamba mlinipima."

Sindano akaandika. Fundi alichukua sahani ya Bibi, iliyokuwa tayari kupelekwa chumbani, akaiweka mezani pamoja na zao.