Kulungu Mwenye Mwendo wa Ndeshi

Mtambo uliitwa Mwigo, na kazi yake ilikuwa kutembeza michoro. Ulionyeshwa kiumbe kikitembea kwa dakika moja tu, nao ukauchukua mwendo wake na kumvika mnyama yeyote wa katuni, awe panya au tembo. Lakini maajabu yenyewe yalikuwa kwenye masikio yake. Filamu ya Mwigo haikuwa kitu kilichokwisha kama filamu za zamani. Ilijichora upya palepale ilipokuwa ikitazamwa. Watazamaji wakicheka, mtambo ulizidisha kilichowachekesha. Wakinyamaza, ulikipunguza.

Mwaka huo wa 2079, kituo kimoja cha televisheni cha Dodoma kilimpa mhandisi Eliakunda Lyatuu wiki tatu atengeneze filamu ya Krismasi kwa bajeti ya kufunga mkanda. Ilimhusu Tuli, kulungu wa nchi za theluji, aliyetengwa na wenzake wavutao gari la zawadi kwa sababu anachechemea. Theluji waliikwapua kwenye tangazo la zamani la sabuni, na kulungu wote tisa walizungumza kwa sauti ya mlinzi wa ofisi. Hayo yalivumilika. Kilichomshinda kilikuwa mwendo wa Tuli, maana ghala la Mwigo lilijaa farasi, mbuzi na ngamia, wazima wote wa miguu. Siku zilipomwishia, Eliakunda alifungua video ya harusi ya kaka yake Aminieli, akakata dakika moja, akaulisha mtambo. Alijiambia hakuna atakayejua.

Tarehe ishirini na nne Desemba, Wachaga walipanda mlimani kwao kama walivyofanya babu zao, tofauti ikiwa tu kwamba sasa walipanda kwa treni ya angani. Filamu ilikuwa irushwe nchi nzima jioni ile. Eliakunda, kichwa kikiwa kimemvimba kidogo, alitaka nyumbani kwao Marangu waione kwanza. Mchana alitandaza katikati ya sebule kioo-hewa kilichounganishwa na Mwigo, watoto wakajazana mkekani. Dada yake Ndeshi, kifungua mimba, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa akimenya ndizi za mtori. Eliakunda alimsihi aje na beseni lake akae kiti cha mbele.

Tuli akatokea. Hatua moja, kituo kidogo, bega la kushoto likapanda, kisha mguu ukaburuzwa. Watoto wakaangua kicheko. Mwigo ukasikia, na Tuli akaburuza mguu zaidi. Wakacheka tena, bega nalo likapanda zaidi. Kisha Tuli, akiwa amebeba zawadi, alijikwaa, akajizuia asianguke, akainua shingo kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Kama shangazi Ndeshi," alisema Aikande, binti wa Aminieli mwenye miaka sita, machozi ya kicheko yakimtoka.

Wakubwa walikuwa wameshaona kabla yake, ndiyo maana hawakuwa wakicheka. Sasa na watoto wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Eliakunda alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Eliakunda, huo mwendo mmeutoa wapi?" aliuliza Ndeshi, kisu kikiwa bado kwenye ndizi.

"Ni mtambo tu, dada. Unajibunia wenyewe."

"Mtambo haukuwepo kwenye harusi ya Aminieli. Pale nilipojikwaa tukiingiza mbuzi wa ndafu, niliinua shingo hivyohivyo. Niliinua ili msiaibike ninyi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Eliakunda haikufika hata mlangoni. Na baya zaidi lilikuwa bado. Mwigo, uliposikia ukimya ule, uliamua kwamba kuchechemea hakupendezi tena. Mguu wa Tuli ukaanza kunyooka hatua kwa hatua, bega likashuka, hata akaingia kwenye safu na wenzake wanane na asijulikane ni yupi. Hakuna aliyethubutu kuuzima mtambo.

Ndeshi alitazama mpaka mwisho. "Kumbe kwa Tuli kupona ni jambo la dakika moja," alisema.

Eliakunda alitoka uani akapiga simu kituoni, akasema filamu isirushwe. Mkubwa wake alibishana naye, akatishia, kisha akamwambia Januari asihangaike kurudi kazini. Eliakunda alirudi sebuleni akampigia dada yake magoti, akamweleza yote, pamoja na ile dakika aliyoikata.

"Umefanya vema kuizuia," Ndeshi alimjibu, na alisema kwa moyo mweupe. "Ungeniomba, pengine ningekupa."

Chakula kilipoiva wakaitwa uani. Watu wakainuka, viti vikasogezwa, watoto wakakimbilia maji ya kunawa. Ndeshi, ambaye tangu alfajiri alikuwa amekwenda jikoni na kurudi mara zisizo na idadi, hakuinuka. Eliakunda alimnyooshea mkono.

"Tangulia na watoto," Ndeshi alimwambia, akijifanya kupanga maganda kwenye beseni. "Nitakuja mkishakaa."

Ndipo Eliakunda alipojua kwamba filamu aliyoinyang'anya nchi nzima ilikuwa imebaki katika chumba kile, na hapakuwa na wa kumpigia simu aizuie. Alitoka, akaketi na wenzake, wote wakiwa wameupa mgongo mlango ambao Ndeshi angetokea.