Kikohozi cha Bafuni

Shawa mpya ilianza kudondosha maji kabla Luhende hajafungua koki.

Alikuwa bado amesimama juu ya ndoo aliyoipindua, spana mkononi, akijisifu kimoyomoyo kwamba fundi ni yeye mwenyewe. Matone yakamwangukia kwenye upara, ya baridi, yenye harufu ya kisima kilichofunikwa muda mrefu. Akajipangusa. Akajiambia ni maji yaliyobaki kwenye bomba. Mtu anayeishi peke yake hujiambia mengi.

Ile shawa ya zamani ilikuwa imezibwa na chumvi ya maji ya kisima. Mkewe, Kabula, alimwomba aibadilishe, naye kila siku akasema kesho, mpaka Kabula akazikwa kwao Kasoli, katikati ya msimu wa palizi ya pamba. Sasa aliyemsukuma ni binti yao, Precious, ambaye angekuja kutoka Mtwara na mtoto ambaye babu yake alimwona kwenye simu tu. Mtoto huyo alizaliwa baada ya msiba, akalia usiku na mchana hadi alipopewa jina la bibi yake, ndipo akanyamaza. Wazee wakasema marehemu mwenyewe amelidai jina lake.

Shawa aliinunua kwa Paschal, muuza vyuma chakavu pale sokoni Bariadi. Nzito, ya shaba. Paschal alimwambia imetoka kwenye nyumba iliyobomolewa, nyumba ambayo wapangaji hawakudumu. Luhende akacheka tu. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwa wastaafu.

Jioni akachukua taulo. Kwao kijijini bafu lilikuwa la mabua ya mtama, halina mlango. Aliyekaribia alikohoa, na aliyekuwa ndani alikohoa kumjibu. Mjini mlango upo na komeo lipo, lakini yeye na Kabula walikoholeana miaka yote ya ndoa yao. Baada ya msiba mazoea hayakumtoka. Alikohoa pale mlangoni, hakuna aliyemjibu, na kila mara moyo ulimuuma upya.

Akakohoa.

Ndani, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha kike, kama cha mtu mwenye povu usoni. Maji yakaanza kumwagika. Wewe na mimi tungetoka mbio hadi Maswa bila viatu. Luhende alivuta kigoda, akaketi koridoni, taulo mapajani, akangoja zamu yake kama zamani, huku machozi yakimtiririka. Maji yalipokoma akafungua mlango. Sakafu ilikuwa imelowa na hapakuwa na mtu.

Hakumwambia yeyote. Kila jioni alikohoa, akajibiwa, akaketi na kusimulia: bei ya pamba, ng'ombe wa jirani waliovamia viazi vyake, ugali anaoupasha moto peke yake. Precious akipiga simu, aliiacha iite. Alikuwa ameshapata wa kuongea naye.

Ndipo jioni moja kukanong'onwa ndani, "Nani anakuja?"

"Precious. Na mtoto."

"Mtoto ataoga humu?"

"Ataoga."

Maji yakapungua, kana kwamba kilichokuwa chini yake kimesogea mlangoni ili kisikie vizuri, na ile harufu ya kisima ikapenya chini ya mlango, ikamfikia miguuni, ikapanda taratibu hadi kooni, na sauti ile, ambayo sasa ilikuwa karibu sana na tundu la komeo, ikauliza kwa upole, "Anaitwa nani?"

Luhende alifungua mdomo, kisha akaufumba. Bibi aliyedai jina lake kwa mjukuu hawezi kuliuliza.

Alitoka na kigoda chake mkononi hadi kwa jirani yake, bibi Nyanjige, aliyejua mambo ya dawa, akamsimulia habari ya sauti ya bafuni.

"Ulikohoa mlangoni?" akanong'ona bibi.

"Nilikohoa, mayu," akajibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Basi ulimpigia hodi, akakukaribisha. Huyo ni jini, alikuwa anangoja hiyo tu. Jina la mtoto umempa?"

"Bado."

"Mshukuru Mungu. Jini hamfuati mtu asiyemjua jina."

Kesho yake mchana Luhende aliifungua shawa bila kukohoa wala kusema neno. Nyanjige akaifukia kwenye chungu cha majivu, wakaenda kuizika kwenye mchanga wa mto mkavu. Bomba likapigwa kizibo, bafu likafungwa kwa kufuli, na uani Luhende akazungushia mabati pa kuogea kwa ndoo.

Precious akaja. Nyumba ikajaa sauti, na Luhende akapata furaha ambayo hakudhani ingemrudia. Kutwa nzima Precious aliita uani: "Kabula, njoo uoge! Kabula, acha kuchezea maji!" Mtoto alicheka, akampaka babu yake povu kwenye upara.

Wakaondoka Jumatatu asubuhi. Jioni Luhende alibeba ndoo hadi kwenye mabati. Koo likamwasha. Akameza mate, akakibana kikohozi hadi kifua kikauma.

Nyuma ya mabati, mtu akakohoa.

Kisha sauti ya upole ikauliza, "Kabula atarudi lini?"

Luhende aliweka ndoo chini. Akaelewa kwamba jini alilisikia jina lilipoitwa uani, na kwamba sasa alimfuata yeye, si bafu wala shawa. Popote atakapoogea, jini atakuwepo. Akampigia Precious, aliyekuwa bado ndani ya basi.

"Mwanangu, msije tena kwangu. Na mimi sitakuja kwenu."

"Baba! Tumekukosea nini?"

Luhende alimsikia akianza kulia, na mtoto naye akaitikia kwa kilio. Akakata simu. Nyuma ya mabati maji yakaanza kumwagika, na Luhende akaenda kuchukua kigoda chake.