Mikia Iliyolala Upande wa Dada

Mimi ni fundi cherehani, sindano hainitishi. Kwa hiyo dada yangu aliponiomba tone la damu, nilimpa kidole huku nikimtania kwamba huko maabara kwao wamekosa watu hadi wanakuja kunyonya mafundi.

Hakucheka. Tangu amzike mumewe alikuwa hacheki, hali, halali. Alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu, na madaktari wanasema haumwi. Niliogopa kweli. Tumebaki wawili tu.

Kazi yake ilikuwa kupima seli moja moja, kuona kama vinasaba vyake vimekatika. Kila kipimo kinahitaji damu ya mtu mwenye afya ya kulinganishia, na pale walizoea kutumia yao wenyewe. Ya dada ilikuwa imeharibika, ndiyo maana akanifuata mimi.

Akanichukua nikaone. Seli zetu alizigandisha kwenye ute juu ya vioo viwili, changu na chake, akavilaza sambamba ndani ya trei yenye maji ya dawa, akawasha umeme.

"Vinasaba vizima havisogei," alinieleza. "Vilivyokatika vinavutwa na umeme, seli inaota mkia. Mikia yote inafuata umeme, upande mmoja."

Chumba cha darubini kilikuwa giza, ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Nikachungulia. Seli zangu zilikuwa duara, safi, kama shanga. Zake zote zilikuwa na mikia mirefu, imechanikachanika. Machozi yakanitoka. Nikamshika bega, nikasema ambacho ndugu yeyote angesema.

"Dada, kama unaweza kuchukua kwangu, chukua tu. Mimi ninacho cha kutosha."

Jioni ile alikula, akaongeza.

Wiki iliyofuata akanitoboa tena. Sikusikia sindano. Nikamsifu kwamba ana mkono mwepesi. Lakini chini ya darubini mambo yalikuwa yamegeuka: zake zimeanza kuwa duara, zangu zimeota mikia. Akadhani amechanganya vioo. Akarudia. Vilevile. Kisha akanong'ona.

"Huku siko umeme unakoelekea."

"Unasemaje?"

"Mikia yako. Imekatisha njia. Imelala upande wa kioo changu."

Akaandaa vioo vingine, safari hii chake akakihamishia upande wa pili wa changu. Akawasha. Tukasubiri.

Mikia yangu ilikuwa imegeuka. Imemfuata.

Wallahi dada alinipenda. Alivunja vioo vyote, akaacha kazi, akahamia mji wa mbali kwa shangazi yetu, ili tu asikae karibu nami. Stendi alinikumbatia akilia kwa kwikwi. Mimi sikulia. Nilijaribu. Hata uzito wa mikono yake sikuusikia.

Basi nikaendelea kushona. Siku moja sindano ya cherehani ilinipita kidoleni, na aliyepiga kelele ni mteja. Mimi niliangalia damu inavyolowesha kitambaa, nikawaza tu kwamba doa lile halitatoka.

Leo asubuhi dada amepiga simu. Sauti imejaa, kicheko kimerudi.

"Mdogo wangu, nimenenepa! Magauni yote uliyonishonea hayanipiti!"

"Hongera, dada."

"Na wewe je? Umepona? Usinifiche."

Nilikuwa bado nimekaa kitandani. Mlango una komeo kwa ndani, sijaufungua tangu jana. Lakini kwenye mkono wangu, pale kiwiko kinapokunjika, kulikuwa na pamba imebandikwa kwa plasta, ncha moja imekunjwa kidogo ili iwe rahisi kubandua. Simjui mwingine anayebandika hivyo zaidi ya dada. Nikaibandua. Chini yake kulikuwa na tundu bichi, kwenye mshipa mkubwa, damu inachuruzika bado. Naona tone la kidole halitoshi tena.

"Mdogo wangu? Upo?"

"Nipo, mimi mzima," nikamjibu. "Wewe kula ushibe, dada."